Tumpe Ahesabu Pumzi za Perege

Tumpe ana miaka sita. Nyumbani kwao, Tukuyu, kuna bwawa la samaki. Samaki hao ni perege, na Tumpe ndiye anayewalisha.

Kila asubuhi huwatupia pumba. Chubwi! Chubwi! Perege huja mbio.

Leo hawakuja. Watatu walielea juu, wamekufa. Wengine walitoa midomo nje ya maji. Pwa, pwa, pwa.

"Wanasikia baridi tu," alisema Baba.

"Jana baridi ilizidi ya leo," alisema Tumpe. "Mbona jana walikula?"

Mama alichukua simu. "Nampigia Dokta Subilaga."

Dokta Subilaga huchunguza samaki na maji yao. Alikuja na pikipiki. Nyuma alifunga ndoo yenye perege wazima.

"Shikamoo, Dokta. Utawachoma sindano?"

"Marahaba. Sindano? Na wanavyoteleza hivi?" Dokta alicheka. "Tutahesabu pumzi zao."

Aliweka mabeseni mawili. Moja lilikuwa na maji ya chemchemi. La pili lilikuwa na maji ya bwawa. Katika kila beseni alitia perege mmoja mzima.

"Tazama shavu lake," alisema Dokta. "Akipumua, shavu hufunguka, kisha hujifunga. Saa yangu ikilia, acha kuhesabu."

Tumpe aliinama kwenye maji ya chemchemi. Fungua, funga. Fungua, funga. Tii! Ishirini.

Akaenda kwenye maji ya bwawa. Funguafunga! Funguafunga! Tii! Thelathini na nane.

"Huyu anahema kama aliyepanda mlima na kuni!" alisema Tumpe.

"Basi, tumejua," alisema Baba.

"Mara moja haitoshi," alisema Dokta. "Tuhesabu tena."

Tumpe alihesabu tena. Kuku akapita katikati. Paa! Akampiga bawa usoni. Hesabu ikapotea.

"Pumzika, mwanangu," alisema Baba. "Mimi naenda kupulizia nyanya dawa."

"Sipumziki," alisema Tumpe. "Mara moja haitoshi. Tuhesabu tena."

Alihesabu mpaka shingo ikamuuma. Chemchemi, ishirini. Bwawa, thelathini na nane. Jibu halikubadilika.

"Kuna kitu kibaya majini," alisema Dokta.

"Kinatoka wapi?"

"Sijui bado. Maji ya bwawa yanatoka kijitoni. Tufuate kijito."

Walipanda. Chapa, chapa, chapa. Walipita migomba. Walipita mawe. Wakafika kwenye bustani ya nyanya.

Baba alikuwa ameinama kijitoni. Alikuwa anasuuza bomba la dawa. Maji meupe kama maziwa yalitiririka kutoka mikononi mwake.

"Baba! Unafanya nini?"

"Naosha bomba, kama jana. Maji yanapita tu, mwanangu. Yanakwenda."

"Yanakwenda bwawani," alisema Tumpe.

Baba aliliinua bomba kutoka majini.

"Tumpe, usikanyage hapo," alisema Dokta. Alivaa glavu, akachota maji hayo kwenye kikombe. Walirudi nyumbani wote watatu.

Dokta alitia matone machache kwenye beseni la chemchemi. Wakasubiri. Perege akaanza kuhema. Funguafunga! Funguafunga!

"Hesabu wewe, Baba," alisema Tumpe.

Baba alihesabu. Tii! Thelathini na tisa. Alitazama beseni. Alitazama bwawa.

"Mara moja haitoshi," alisema Tumpe.

"Kwangu imetosha," alisema Baba. "Nipe jembe."

Aliziba mfereji wa kijito. Akachimba mwingine kutoka kwenye chemchemi. Maji safi yakaingia bwawani. Shwaa!

"Na bomba?" aliuliza Mama.

"Maji ya kusuuzia nitayapulizia nyanya hukohuko shambani," alisema Baba. "Kijitoni, hapana."

Siku ya kwanza perege hawakula. Siku ya pili hawakula. Kila siku Tumpe alihesabu kwa saa ya simu ya Mama. Siku ya tano alitupa pumba.

Chubwi! Perege mmoja akaja. Chubwi! Wakaja kumi. Maji yakachemka kwa mikia.

Tumpe alilala chini, uso karibu na maji. Fungua, funga. Fungua, funga. Ishirini. Akahesabu tena. Ishirini.

Jioni hiyo Mama alimfuta Tumpe tope miguuni, akamfunika blanketi.

"Mama, jirani yetu Ambakisye naye anaosha bomba kijitoni. Kesho naenda kwake na beseni."

"Utakwenda," alisema Mama. "Mimi nitakubebea ndoo. Sasa lala."