Dakika ya Pingamizi

Jumanne ile ilianza vizuri mno, na hilo peke yake lingetosha kumtia shaka mtu mwenye shibe. Lakini binti huyu alikuwa na njaa ya kazi. Miaka minne tangu avae joho la shahada ya sheria, first class kabisa, na alichovuna ni barua za "we'll get back to you". Nyumbani walimwita Wakili. Shangazi yake alilitamka jina hilo hivi: "Wakili, vyombo vinakusubiri."

Sasa amepata kibarua cha wiki mbili katika Mahakama ya Juu. Chumba cha chini, hakina dirisha, kiti kinayumba, kompyuta inakoroma. Kazi: kuchapa yaliyorekodiwa kwenye usaili wa majaji. Tume ilikuwa imewahoji mwezi uliopita, kabla yeye hajakanyaga pale. Zikishachapwa na kusainiwa kumbukumbu, jaji anaapishwa. Akizimaliza vizuri, anapewa mkataba.

Masharti alipewa na mkuu wa masijala, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyeitwa Mama Mafaili.

"Unachosikia, andika. Pasiposikika kitu, andika KIMYA. Mwisho unasaini kwamba ni kumbukumbu kamili na ya kweli. Usituletee usomi wako hapa."

"Sawa, mama."

"Na ile dakika, ruka. Wote tunairuka."

Ile dakika ilikuwa desturi ya tume. Msailiwa akishajibu maswali, katibu husoma malalamiko ya wananchi, kisha huuliza: "Kuna mwenye pingamizi?" Ukumbi hukaa kimya dakika nzima kwa saa ya ukutani. Karani gani asikilize kimya? Wanaandika neno moja, wanasonga mbele.

Aliyebaki siku hiyo alikuwa mzee mmoja ambaye makarani walimwita Jaji Fasta. Kesi ikiingia kwake asubuhi, mtu amefungwa kabla ya chai. Tume ilimsifu kwa hilo. Eti ufanisi. Seriously? Alikuwa aapishwe Alhamisi.

Katibu akasema kwenye rekodi, "Hakuna lalamiko lililopokelewa." Wakili akasita. Kwenye faili alilopewa la kuhakikishia majina, mbele ya macho yake, kulikuwa na barua yenye muhuri wa kupokelewa. Ya mjane wa fundi mwashi. Mumewe alifungwa maisha na Jaji Fasta kwa mauaji. Alipoomba shahidi wake aitwe, jaji alimwambia, "Umemaliza." Fundi akajibu, "Mheshimiwa, sijamaliza." Akateremshwa kizimbani. Mwaka wa tatu akafia gerezani.

"Kuna mwenye pingamizi?" akauliza katibu.

Saa ya rekodi ilisoma saa nane na dakika ishirini na tatu mchana. Wakili hakuruka. First class haimtoki mtu hivi hivi.

Kiti kikalia. Mtu akakohoa. Kimya.

Halafu, kwaru.

Kwaru. Kwaru. Kama mwiko wa fundi ukikwangua ukuta mbichi.

Kisha pumzi. Karibu mno, kama mtu ameweka mdomo kwenye maikrofoni.

"Mheshimiwa, sijamaliza."

Alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Safari hii sauti haikuishia hapo. Ilitaja jina la shahidi. Ilitaja nyumba aliyokuwa akiijenga siku ya mauaji, na chumba alichokuwa akikipiga lipu. Rekodi ni ile ile. Dakika ni ile ile.

Akarudisha mara ya tatu.

"Andika," ikasema sauti. "Wewe. Andika."

Aliandika. Yote, neno kwa neno. Kisha akaenda kumwita Mama Mafaili.

Yule mama alivaa hedifoni akiwa amesimama, mkono kiunoni. Mkono ukashuka. Aliivua taratibu, akailaza mezani kama anamlaza mtoto.

"Mimi sikusikia kitu," akanong'ona. "Na wewe hukusikia kitu."

"Mama, umesikia."

"Aliyekuwa kwenye hicho kiti kabla yako naye alisikia. Kesi nyingine, jaji mwingine. Akaandika."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwao. Anatuma CV."

Hakuna hirizi inayotisha kama hiyo. Wakili alitazama skrini. Akaiona sufuria ya shangazi. Akaziona barua za miaka minne. Mstari kwa mstari akafuta, hadi jina la shahidi, hadi chumba cha lipu. Akaandika KIMYA. Akasaini: kumbukumbu kamili na ya kweli.

Alhamisi Jaji Fasta aliapa, akapiga picha, akala keki. Hakuanguka, hakutoka damu puani. Mlitegemea nini? Wakubwa hawapatwi na kitu.

Wakili alipata mkataba wake na meza ya mapokezi. Wiki iliyofuata akaja mwanamke mwembamba, bahasha mkononi. Alikuwa yule mjane.

"Mwanangu, barua yangu ilisomwa?"

Saa ya ukutani: saa nane na dakika ishirini na tatu.

Wakili alifungua mdomo. Midomo ilicheza. Koo lilisukuma. Hakuna kilichotoka. Hata pumzi. Mjane alisubiri, macho hayapepesi, hadi mshale ukamaliza mzunguko.

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Akaondoka. Sauti ikarudi, lakini hapakuwa tena na wa kuambiwa. Kesho yake ikapotea tena, dakika ile ile. Na keshokutwa.

Siku ya nne aliteremka kwenye chumba cha chini. Aichape upya, potelea mbali mkataba. Akaivaa hedifoni, akaenda moja kwa moja kwenye ile dakika.

"Kuna mwenye pingamizi?"

Alisubiri mwiko. Haukuja. Alisubiri pumzi. Haikuja. Akarudisha mara tatu, mara sita.

Mara ya saba ikaja sauti. Ya mwanamke. Changa, safi, imekaribia maikrofoni.

"Sina pingamizi."

Aliivua hedifoni. Ilikuwa imeacha kitu masikioni. Akagusa. Saruji, mbichi bado.

Rekodi ipo masijala hadi leo, na yeyote mwenye kibali anaweza kuiomba. Shangazi yake ameisikia na kulia, maana sauti ile ameilea mwenyewe. Ila siku tume ilipokaa, saa nane na dakika ishirini na tatu, Wakili alikuwa nyumbani. Shangazi anakumbuka vizuri. Alikuwa anaosha vyombo, na kwa dakika nzima aliitwa, asiitike.