Mkono wa Vidole Vinne

Fundi, jirani yangu, aliamka siku hiyo kama siku nyingine, akanywa chai, akakagua gari lake, jipu la kupandia majabali. Ila moyoni alikuwa anafuka. Mwaka mzima shemeji yake, mume wa dada yake, alikuwa akimtangazia kila mtu: "Marehemu alijitakia. Nilimwelekeza, hakufuata." Marehemu huyo ni mdogo wake fundi, aliyepinduka na jipu hilohilo kwenye majabali ya jangwani; fundi alilivuta akalitengeneza upya.

"Leo nielekeze mimi, vilevile ulivyomwelekeza yeye," fundi alimwambia. "Tuone nani mwongo."

Kupanda majabali kwa gari kuna sheria yake. Dereva haoni kilicho chini ya boneti, anaona mbingu tu. Anayesimama mbele ndiye macho yake. Mkono ukionyesha kushoto, unakwenda kushoto, huulizi.

Walifika saa sita mchana, jua linachoma mpaka utosini. Fundi akapunguza upepo kwenye magurudumu, akaweka gia nzito, akaanza kutambaa. Shemeji akaonyesha kushoto. Fundi akakata usukani.

Mkono mwingine ukatokea.

Ulikuwa juu ya bega la shemeji, umejaa vumbi. Ulisema simama. Fundi akakanyaga breki, akavihesabu vidole. Vinne. Kidole cha tano cha mdogo wake kililiwa na feni ya injini gereji, fundi mwenyewe akimshikia taa.

"Kushoto, bwana! Unangoja nini?" shemeji alifoka.

Mkono ukaonyesha kulia. Fundi akaenda kulia. Jipu likalalama, likainama, likapanda. Akaruka chini, akachungulia kule kushoto. Jabali limekatika. Huko chini kabisa, vioo vya mwaka jana vinameta.

Akamkunja shemeji shati. "Mshenzi wewe! Ulimuua!"

"Siku ile nilikosea upande," shemeji alinong'ona.

"Na leo?"

"Leo ningekuonyesha kulia, ungejua nilimpoteza mimi."

Lo! Fundi alikunja ngumi. Alimwachia kwa ajili ya dada yake tu. Nyuma ya shemeji hapakuwa na mtu.

Jioni dada yake akapiga simu, anaongea chinichini.

"Kaka, shati la mume wangu nimelifua mara tatu. Mgongoni, karibu na bega, kuna alama ya kiganja, haitoki. Ina vidole vinne."

"Muulize mumeo."

"Nimemuuliza, analia tu. Nimemvua nimsugue kwa sabuni. Kaka, hata kwenye ngozi ipo."

"Basi usiisugue tena," fundi akasema, akakata simu.