Mzigo wa Brisa Vieja

"Mimi hapa sishuki," alisema mzee ndani ya teksi, amekumbatia begi la taulo utadhani kuna mtu anataka kumpora. "Tulisema Brisa Vieja, tunakwenda Brisa Vieja."

"Tulisema nani na nani?" Mkewe alikuwa ameshatoa miguu yote miwili nje. "Kule klabu ya Brisa Vieja kuna ngazi, Efraín. Dereva mwenyewe kasema. Hapa kuna kivuli, maji hayana kina, na choo kiko karibu. Wewe na hilo tezi dume lako, choo kikiwa karibu unataka nini tena?"

"Carmín! Mbele za watu!"

"Watu gani? Kuna anayekujua hapa?"

Noemí Canul, msichana wa kaunta ya klabu ya ufukweni ya Ojo de Coral, aliziba mdomo asicheke. Hapa Cozumel, kisiwa cha Meksiko, tumeyazoea hayo. Meli ya kitalii inafunga gati asubuhi, abiria wanamwagika, kila mmoja ana saa chache tu za kuogelea, na bado kuna wanandoa watagombania ufukwe kama wanagawana urithi. Huyu anataka bwawa, yule anataka mchanga. Huku wanagombana, jua linapanda na meli haimsubiri mtu.

"Karibuni jamani, bahari ni ile ile kote," Noemí aliwaambia. "Tofauti ni ngazi na muziki wa kelele. Kwetu hamna hata kimoja."

"Umesikia?" alisema mama. "Shuka, mzee."

Mzee akashuka huku ananung'unika. Walikuwa wametoka Ponce, Puerto Rico, na ile ilikuwa safari yao ya kwanza ya meli tangu waoane. Noemí akawafunga vibangili vya plastiki mkononi, akawaonyesha vitanda vya jua. Mzee akatangulia. Mama Carmín akabaki, anapekua mkoba, uso umejaa aibu kidogo.

"Binti, naomba unisaidie. Kuna kijana anatusafishia chumba melini, mzuri kweli kweli. Tangu jana anatubembeleza twende Brisa Vieja. Hapa kwenu kasema chakula kibovu na inzi wamejaa. Samahani lakini, hata inzi mmoja mimi sijamwona. Sasa alitupa na kamzigo tumpelekee msichana wa kaunta ya kule, na mimi mzee wangu hawezi ngazi. Nyie wa kaunta si mnajuana? Utanifikishia?"

"Nitafikisha, mama, usijali. Huyo kijana anaitwa nani, nimwambie umetoka kwa nani?"

"Elmer. Ni wa Honduras. Mwembamba, ana mwanya hapa mbele, akicheka lazima na wewe ucheke."

Noemí akashika kaunta kwa mikono miwili.

Huyo Elmer alikuwa mchumba wake. Na jinsi alivyompata ilikuwa hivyo hivyo. Mhudumu wa vyumba hana nafasi ya kushuka kila bandari, kwa hiyo Elmer alikuwa akiwashawishi wageni wake waje Ojo de Coral, na kila mgeni anakuja na salamu. "Wewe ndiye Noemí? Elmer anasema usimsahau." "Elmer anauliza umekula?" Wakati mwingine wanakuja na zile chokoleti ndogo ambazo melini huwekwa juu ya mto wa mgeni. Kaunta nzima ilikuwa inamtania. Noemí alijifanya anakasirika, akienda nyumbani anachekea chooni peke yake.

Halafu salamu zikakatika. Elmer akamwambia wakubwa wamepiga marufuku wafanyakazi kuwachagulia wageni klabu. Noemí akaamini. Kisha zikaanza zamu. Meli ikisimama, lazima wafanyakazi fulani wabaki ndani, moto usije ukatokea pasiwe na mtu. Ila zamu ya Elmer ikawa haiishi, na kila mara inaangukia Cozumel. Asubuhi ile ile alikuwa ametuma ujumbe:

"Mpenzi wangu nisamehe, wamenipanga zamu tena. Mwombe mama radhi. Wiki ijayo bila kukosa. Nakupenda sana."

Aombwe radhi mama, kwa sababu siku hiyo Elmer alitakiwa kwenda kumposa Noemí. Kwetu mwanamume anakuja na mkate mtamu na chokoleti ya kunywa, anakaa mbele ya wazee, anaomba kwa mdomo wake. Alishaahirisha mara mbili. Safari hii mama Ligia alianza tangu jana kuunguza pilipili za mchuzi mweusi wa bata mzinga, na mjomba Eusebio alivuka na feri kutoka bara, kanyoa, kavaa shati lake jeupe la sherehe. Noemí alikuwa hajathubutu kuwapigia simu nyumbani awaambie.

"Mama," alimwuliza Carmín. "Na salamu alikupa?"

"Alinipa. Kasema, mwambie asile, nakuja kula naye mchana."

Noemí alipokea kile kifurushi. Hakukifungua. Alikibonyeza kwa kidole tu, akajua ni chokoleti.

"Mwanangu, unaumwa? Mbona umebadilika rangi?"

"Jua tu, mama. Nenda ukapumzike."

Alitoka nyuma ya jikoni, akapiga simu. Iliita mpaka karibu kukatika.

"Mpenzi, siwezi kuongea," Elmer alinong'ona. "Tuko kwenye mazoezi ya kuzima moto."

Nyuma yake mtu alikuwa anapaza sauti: "Nazi baridi! Nazi baridi hapa!"

"Elmer, siku hizi melini mnauza nazi?"

"Nani kasema nazi? Hiyo televisheni."

"Haya. Zimeni huo moto wenu vizuri," alisema Noemí, akakata.

Wanawake wengine wangekaa pale wakalia. Yeye alimwambia msimamizi wake anapeleka mzigo wa mgeni, akapanda teksi. Njiani alijipa moyo, maana mtu anayependa hakosi cha kujipa moyo. Labda huyo msichana ni binamu yake. Labda mzigo ni wa mfanyakazi mwenzake. Akili yake ilikuwa inajua, ila moyo ulikuwa bado unabishana nayo.

Aliteremka ngazi za Brisa Vieja, na kwenye kaunta alikuwepo Rubí. Walijuana vizuri. Klabu moja ikijaa, inaipelekea nyingine wageni, na mara nyingi wawili hawa walipigiana simu wakaazimana hata vibangili.

"Dada Noemí!" Rubí aliruka akamkumbatia. "Leo umetoroka kazi? Wamekufukuza?"

"Nimekuletea mzigo. Wageni wako wameogopa ngazi."

Rubí akafungua pale pale. Chokoleti zikamwagika juu ya kaunta, akacheka mpaka macho yakafumba. "Huyu mwanamume ni kichaa! Anawaibia wageni chokoleti zao. Dada, sikukuambia, nimepata mtu. Yuko melini."

"Ana mtu mwingine, unajua?" aliuliza Noemí.

Kicheko kikapungua. "Aliniambia yupo. Mwanamke wa hapa hapa kisiwani, anamng'ang'ania. Eti mama yake ana ugonjwa wa moyo, akimwacha ghafla yule mama atakufa, ndiyo maana anajitoa polepole."

"Jina lake alikutajia?"

"Nilimkataza. Sikutaka kulijua, nisije nikakutana naye sokoni..." Rubí alisimama katikati ya maneno. Alimtazama Noemí, akatazama chokoleti, akamtazama tena. "Dada, usiniambie. Tafadhali usiniambie."

"Mama yangu hana ugonjwa wa moyo," alisema Noemí. "Ni mzima. Anapika tangu jana."

Wakati huo huo Elmer alikuwa anashuka ngazi, nazi mbili mkononi, moja yake na moja ya Rubí. Alipomwona Noemí alisimama. Mgeni mmoja aliyekuwa nyuma akamgonga, maji ya nazi yakamlowesha shati.

"Noemí. Nilikuwa nataka kukuambia."

"Lini? Harusini?"

"Siyo hivyo."

"Ni vipi? Nifundishe. Umewaambia wageni chakula chetu kibovu. Chakula umekila mwenyewe, ukaramba na sahani!"

"Nilitaka wasije kwako. Wangekuambia mambo."

"Wamekuja. Wameniambia."

Elmer aliweka nazi chini, akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza. Ningekuambia saa ngapi? Kila nikishuka nakuta umeongeza kitu. Mara umemwambia mama. Mara umemwambia mjomba. Mara umenunua kitambaa cha gauni. Kila nikitaka kufungua mdomo unanionyesha kitu kipya. Nikawa naogopa."

"Kwa hiyo kosa langu ni kufurahi?"

"Sijasema hivyo."

"Elmer, nijibu kitu kimoja. Unanipenda?"

"Mwanzoni nilikupenda sana. Mungu anajua."

"Sijauliza mwanzoni."

Rubí alikuwa anakusanya chokoleti moja moja, anazirudisha kwenye karatasi, machozi yanamdondoka.

"Sasa hivi nakuhurumia," alisema Elmer.

Bora angemtukana. Tusi unalirudisha. Huruma utaifanyia nini?

Na hapo Noemí akafanya jambo ambalo mpaka leo hapendi likumbushwe, nami simlaumu. Alimshika mkono, heshima yake yote akaiweka chini pamoja na zile nazi.

"Basi njoo leo tu," alisema. "Sikuombi unioe. Njoo ukae na wazee, ule, mshikane mikono na mjomba. Kesho upotee kabisa, nitasema mimi ndiye niliyekukataa. Mama asiaibike mbele ya kaka yake. Leo tu, Elmer."

"Siwezi, Noemí."

"Kwa nini? Saa moja tu."

"Siwezi kukaa mbele ya wazee nikawadanganya."

Noemí alimtazama kama haamini masikio yake. "Wazee huwezi. Mimi uliweza."

Rubí alitoka nyuma ya kaunta, kope zimelowa.

"Dada, nisamehe. Nakuapia sikujua ni wewe."

"Sasa umejua," alisema Noemí. "Utafanyaje?"

Rubí aliinamisha kichwa. "Nisamehe tu, dada," alisema tena, na mkono wake ukaenda taratibu mpaka kwenye shati la Elmer lililolowa, ukalishika. Alikuwa analia kwa uchungu wa kweli, na alikuwa hamwachii.

Noemí alipanda zile ngazi. Hakuna aliyemwita.

Nyumbani meza ilikuwa imeshatandikwa. Mjomba Eusebio alikaa upande wa mlango, kofia juu ya goti, anafanya mazoezi ya kuonekana mkali. Mama Ligia alikuwa amevaa joho lake la maua ya kudarizi, lile analolitoa mara chache.

"Yuko wapi bwana harusi?" aliuliza mjomba. "Au anaegesha meli?"

"Zamu, mjomba," alisema Noemí. "Wamemweka zamu."

"Tena? Meli gani hiyo inayotaka kuungua kila wiki?"

"Eusebio, mwache mtoto avute pumzi," alisema mama. "Noemí, njoo unishikie sufuria."

Jikoni, mama hakumpa sufuria. Alirudisha mlango, akasimama karibu naye.

"Umemwona?"

"Nimwone wapi, mama? Yuko melini."

"Mwanangu." Mama alishusha sauti. "Meli ilipokuja mwezi uliopita, siku ile aliyosema yuko zamu, nilimwona sokoni. Amembebea kikapu msichana mdogo mwenye nywele ndefu. Wanacheka."

Noemí akakaa juu ya gunia la mkaa, na sare yake ya kazi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha? Ukapika? Ukamwita mjomba toka bara?"

"Nilikuwa naomba niwe nimemfananisha. Nikajiambia macho yangu yamezeeka, nikajiambia labda ni dada yake. Jana naunguza pilipili, naomba. Leo nimekusikia unasema zamu, bado nikawa naomba." Mama alijifuta uso kwa kiganja. "Ulikuwa na furaha, Noemí. Nani angekuwa wa kwanza kukunyang'anya? Mimi?"

Noemí alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Alimlalia mama yake tumboni, akalia bila sauti, ili mjomba asisikie. Mama hakumwambia yatapita. Hakumwambia atapata mwingine. Alimshika kichwa tu mpaka mchuzi ukaanza kushika chini.

Walitoka na vyakula. Mjomba akanusa, akatabasamu, akakunja mikono ya shati.

"Haya, hasara ni yake. Sasa nimefikiri hivi: mimi huko bara sina haraka. Acha nikae hapa hapa hadi wiki ijayo, nimsubiri huyo kijana. Lazima nimtazame machoni."

Mama alishika mwiko. Alikuwa anamngoja binti yake. Lolote ambalo Noemí angesema, yeye angemuunga mkono.

"Usimsubiri, mjomba," alisema Noemí.

"Mbona? Si umesema zamu?"

"Hana zamu. Hanitaki."

Mjomba akaitoa kofia kwenye goti, akaitundika nyuma ya kiti, akavuta sahani yake karibu. Mama akampakulia yeye kwanza, kisha Noemí, kisha akajipakulia mwenyewe.