Simjui Mtu Hapa

Foleni ya kuingilia Bunge asubuhi ile ilikwama kwa sababu ya gunia la vitunguu.

"Vitunguu haviingii," alisema askari wa getini.

"Ni ushahidi, afande."

Mwenye gunia alikuwa mwanamume mrefu, shati lake la bluu limepigwa pasi mbele na kusahauliwa mgongoni. Alikuwa katibu wa umoja wa wakulima. Serikali ilitaka kuanzisha kodi ya shamba, kila ekari ilipiwe kabla ya mavuno, na yeye aliona afadhali wabunge wakitazame kwanza kitu chenyewe kikiwa bado na udongo.

Nyuma yake alisimama mwanamke wa gauni la kijivu na skafu ya njano, kitambulisho cha kazi shingoni. Mashine ya kukagulia wafanyakazi ilikuwa mbovu, kwa hiyo wenyeji na wageni walipangwa mstari mmoja. Alikuwa amechelewa, na kazi yake haina kuchelewa. Alikuwa mwandishi wa taarifa rasmi, mmoja wa wale wanaokaa katikati ya ukumbi wakiandika kila neno linalosemwa, hata la kipuuzi.

"Afande, mwache aingie na kimoja tu," alisema. "Mheshimiwa yeyote akitokwa machozi leo, tutajua pa kuanzia."

Askari alicheka na gunia likabaki getini. Katibu akageuka kumtazama aliyemsaidia.

"Na wewe, dada, unafanya nini humu?"

"Naandika wanayosema."

"Yote?"

"Yote."

"Pole sana," akasema, na alimaanisha.

Miaka tisa ya kazi ile ilikuwa imemwotesha sugu masikioni. Maneno yaliingia na kushukia vidoleni bila kupita popote. Watu walitukanana mbele yake, wakaombana radhi, wakatukanana tena, naye hakuhisi kitu. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye, alisema kuzungumza naye ni sawa na kuacha ujumbe kwenye simu iliyozimwa. Lakini ile "pole" ilimfuata mpaka mezani kwake, na mchana alijikuta anatabasamu wakati waziri anasoma takwimu za mbolea.

Kabla ya mwezi kwisha walikuwa wanaitana Kalamu na Vitunguu.

"Kalamu wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nimepalilia. Leo wamesema nini huko?"

"Wamebishana saa tatu kuhusu siku ya kubishana."

Hakutia chumvi. Upinzani ulitaka kodi ya shamba ijadiliwe peke yake, mapema, watu wakiwa na nguvu. Upande wa serikali ulitaka iingizwe kwenye bajeti, ipite siku ya mwisho, watu wakiwa wamechoka. Kila wiki kamati ya ratiba ilijifungia chumbani na kila wiki ilitoka na tarehe mpya. Mara mbili wakulima walipanda mabasi tangu alfajiri, wakaacha mashamba yao, wakajaza roshani ya wageni, na kukuta wabunge wanajadili muswada wa mizani na vipimo. Walisikiliza mizani mpaka jioni, wakarudi nyumbani.

"Nidokeze tu siku," Katibu alimwomba safari moja. Walikuwa kwenye mgahawa wa nyuma ya posta, walikokuwa wakikutana kila Alhamisi jioni, meza ya pembeni. Alikuwa amevaa shati jipya kwa ajili yake, na kola bado ilikuwa na pini ya dukani.

Mwandishi aliichomoa ile pini. "Nikikudokeza nitafukuzwa."

"Basi usinidokeze."

"Umekasirika?"

"Ningekasirika ningekula na hiyo keki yako."

Aliila hata hivyo. Mwandishi alimpenda sana jioni ile, akarudi nyumbani akaimba bafuni, na dada yake akagonga mlango kuuliza kama ni mgonjwa.

Jumatano moja alasiri kamati ya ratiba ilijifungia tena. Ilipotoka, mkuu wa kitengo aliwaambia waandishi wote wasiweke shughuli nyingine kesho yake. Mwandishi alimpigia Katibu.

"Kesho siji. Usinisubiri."

"Sawa, mpenzi. Kwema lakini?"

"Kwema. Kazi tu."

Hakusema zaidi ya hapo. Kesho yake saa tatu asubuhi, serikali iliposimama kuileta kodi ya shamba ghafla, roshani ilikuwa imejaa wakulima, wamekaa kimya, kofia magotini. Wabunge walioahidi kuipitisha waliinua macho, wakaona nyuso za watu wa majimbo yao, na mmoja mmoja wakakumbuka udhuru, wakatoka. Idadi ya kupigia kura haikutimia. Kodi ikaahirishwa mpaka mwaka unaofuata.

Kilichofuata hakikuhusu kodi tena. Mtu alikuwa ametoa siri ya ratiba, na kamati ya maadili ikamwita Katibu kuhojiwa.

Waandishi hupokezana kila baada ya dakika kumi na tano. Zamu ilimwangukia Mwandishi wakati mwenyekiti anasafisha miwani yake. Katibu alikaa hatua mbili kutoka kwake, amevaa lile shati la mgahawani, mikono juu ya meza.

"Ulijuaje kama mjadala ni Alhamisi?"

"Nilikisia, Mwenyekiti."

"Mabasi manne umeyaita kwa kukisia?"

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Kuna mfanyakazi yeyote wa jengo hili unayemfahamu?"

Katibu hakumwangalia. Angemwangalia, kila mtu chumbani angeelewa.

"Hapana. Simjui mtu hapa."

Vidole vya Mwandishi viliandika. Simjui mtu hapa, nukta. Kisha, katikati ya swali lililofuata, akaelewa. Aliikumbuka simu yake ya Jumatano. Akazikumbuka na Alhamisi nyingine mbili alizovunja miadi, na ratiba ikageuzwa kweli. Mwanamume huyu alikuwa ameisoma ratiba ya Bunge kwenye mapenzi yao, na sasa anasema hamjui. Aliandika mpaka zamu yake ikaisha, hakukosea hata herufi moja.

Jioni Mwandishi alipokea simu ya Katibu kwenye mlio wa kumi.

"Nilikuwa nakulinda," Katibu alisema. "Ungetaka niseme nini mbele yao?"

"Uliita mabasi kwa sababu nilikwambia siji."

"Niliona mara mbili. Ya tatu nikajaribu. Kalamu, wale watu walikuwa wanaenda kupoteza mashamba."

"Najua. Na mmefaulu, hongera. Nataka kujua kitu kimoja. Ulipokuwa unaniuliza kama nimekula, ulikuwa unataka kujua nini?"

"Kama umekula."

"Sikuamini," alisema, akakata.

Hakulia. Dada yake alimtazama kwa siku kadhaa akingojea alie, akachoka. Mwandishi alikwenda kazini, akaandika, akarudi, akaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Bajeti ilijadiliwa ikapita, naye hakukumbuka lolote. Simu ililia, akaiangalia mpaka ikanyamaza. Sugu ile ilikuwa imetoka masikioni ikaenea mwili mzima, na ilikuwa na nafuu yake, hakuna kilichouma.

"Mpigie tu umtukane," dada yake alishauri. "Utapata hata hamu ya kula."

"Sina la kumwambia."

Wiki ya tatu aliwekwa dirisha la masahihisho. Shahidi aliyehojiwa hutumiwa nakala ya maneno yake, na akiona kosa la uandishi huja dirishani kulieleza. Jumanne asubuhi alikuja Katibu. Alikuwa amekonda. Alisukuma nakala chini ya kioo, kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa pana kosa."

"Hakuna kosa. Ndivyo ulivyosema."

"Ndivyo nilivyosema. Lakini si kweli."

"Dirisha hili ni la makosa yetu," akamjibu kwa sauti ya kazi. "Yako hayasahihishwi. Hayo yatabaki hivyo hivyo, na nakala moja inakwenda maktaba."

Katibu aliitikia kwa kichwa kana kwamba alilijua hilo, akatoa karatasi nyingine mfukoni. Ilikuwa barua kwa mwenyekiti wa kamati, kwa mkono wake. Mwandishi aliisoma ikiwa bado upande wa pili wa kioo. *Nilidanganya mbele ya kamati. Namfahamu mwandishi wenu mmoja. Nampenda na nataka kumwoa. Hakuniambia lolote. Nilikisia kwa kuwa alivunja miadi yetu, na sikumwomba ruhusa.*

"Watakupiga marufuku kuingia hapa," alisema. "Kodi ikirudi mwakani hutasimama mbele yao."

"Wenzangu nimewaeleza. Wameshamchagua katibu mwingine."

"Na mimi wataniondoa ukumbini. Nitapelekwa ghalani nikahesabu majalada."

"Ndiyo maana sikukutaja jina. Ukisema niirudishe mfukoni, naondoka nayo. Hata usiponisamehe. Nimekuja uione tu."

Nyuma yake foleni ilikuwa inaguna. Mwandishi aliisoma barua tena, polepole, na safari hii maneno hayakushukia vidoleni. Yalikwenda kwingine, yakauma, na kuuma kwenyewe kukamshangaza. Alikuwa bado anampenda. Alikuwa bado na hasira naye pia, ya kutosha miezi mingi.

"Ipitishe chini," akasema.

Akaipokea, akachukua kalamu. Mbele ya maneno *mwandishi wenu mmoja* aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka. Akagonga muhuri wa kupokelewa, akainuka kuipeleka kwa mkuu wake mwenyewe.