Lebo Nyeupe

Lebo ya tatu asubuhi ile ilikuwa na ladha ya maziwa ya mama. Datius aliitema. Miaka sita alikuwa akilamba lebo na kuzibandika kwenye chupa katika stoo ya dawa pale Miembeni, na gundi haikuwahi kuwa na ladha ya maana. Akalamba nyingine. Maziwa tena, ya uvuguvugu, yakamtiririka hadi kidevuni.

Alijua ni ya nani, asitudanganye. Sheria ya serikali ya Mwingereza ilitaka dawa ya kuchua, ambayo ni sumu ikinywewa, ibandikwe lebo nyekundu. Mwezi uliopita lebo nyekundu ziliisha, meli ya Kisumu ikachelewa, na Datius, kwa uvivu wa kwenda kumuuliza mkubwa wake, akabandika nyeupe, za dawa ya kikohozi. Chupa moja ilifika Ngenge, kule Muleba. Ephrasia, mama mwenye kichanga cha miezi miwili, alikunywa kama lebo ilivyosema, akafa akigaagaa kwa maumivu. Polisi walikuwa bado wanamtafuta aliyebandika.

Alasiri, nyumbani Hamugembe, alimkuta mkewe Joviana amekaa kizingitini, kifua kimelowa maziwa, naye hajawahi kuzaa. Nyumba nzima ilinuka dawa ya kuchua. Joviana akainua uso, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Mwanangu analia njaa. Nani aliyebandika?"

Kesho yake mchana alikuja mama mzee, Mae Kemilembe, mganga asiyejua kusoma, na chupa tupu kapuni.

"Marehemu anataka jina la aliyebandika," alinong'ona. "Liandike, ulibandike kwenye chupa. Ukiandika kweli, ataingia humu, nami nitaipeleka Ngenge ndugu zake na polisi walisome. Ukiandika uongo, atakayeingia ni mwenye mwili, mkeo, na huyu mfu abaki mwilini mwake. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimeelewa, mae."

Alielewa vizuri sana. Alimtazama Joviana aliyemuuguza alipougua ndui, akaitazama kalamu mkononi mwake, na harufu ile ikizidi na maziwa yakidondoka sakafuni tone kwa tone na sauti ikirudia nani, nani, nani, akakiona kitanzi, akaiona shingo yake mwenyewe ndani yake, akaandika: *Uledi*. Uledi alikuwa mwenzake wa stoo, mtu mpole, mwenye watoto wanne. Akailamba lebo, akaibandika.

Harufu ikakatika. Mganga akaziba chupa kwa kizibo na nta, akaitia kapuni, akaaga. Hakufika hata ukingo wa shamba.

"Datius! Mume wangu! Nitoe humu, kuna giza!"

Ilikuwa sauti ya Joviana, nyembamba, ikitokea kapuni. Mganga alirudi mbio, macho yamemtoka.

"Mbona anakuita mume? Mwanangu, umeandika nani? Muda upo. Sema tu, tuifungue."

"Datius, nakuomba," ikalia chupa. "Nakuomba."

Datius alisogea mlangoni. Nyuma yake, ndani, mtu alikuwa akipakua matoke na kuimba bembelezi ya mtoto kwa sauti ya kigeni.

"Majini ni waongo, mae," alisema. "Wahi, Ngenge ni mbali."

Akasimama mlangoni akisikiliza jina lake likiitwa, mpaka likapotelea migombani. Kisha akaingia kula na yule aliyebaki.