Mashine Iliyorudi Bila Ananie

Asubuhi ya kwanza Emérence hakuona ajabu. Aliwasha mashine, ile kompyuta mpakato, herufi zikapita juu ya kioo, lakini taa ndogo ya buluu iliyo ubavuni, ile ya wifi, haikuwaka. Akaandika amri fupi, taa ikawaka, barua zikaingia. Mashine zinazotumia Linux zina ukaidi wao, naye alikuwa amezizoea kwa miaka tisa. Akanywa chai yake, akasahau.

Asubuhi ya pili taa ilikuwa imezimika tena. Ya tatu vilevile.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa, Butembo, na kazi yake ilikuwa kuandika majina ya watu waliotawanywa na vita upande wa Beni, ili ndugu wapate kutafutana. Mwaka ule wa 2016 majina yalikuwa mengi. Mwenzake wa kazi alikuwa mmoja tu, kijana aliyeitwa Ananie, ambaye alikaa Beni akikusanya majina na kuyatuma. Barabara ilikuwa ya hatari, kwa hiyo kwa miaka mitatu waliandikiana kila siku bila kuonana hata mara moja. Emérence alikuwa na miaka arobaini na moja. Hakuwa na mume wala mtoto, na wazazi wake walizikwa Kipese. Jioni, akifunga ofisi, mtu wa mwisho kumwambia "lala salama" alikuwa Ananie, kwa maandishi.

Halafu watu wa mapanga wakaingia katika mtaa wa Ananie usiku, na kabla ya jua kutoka wakamuua. Wiki tatu baadaye mashine yake ililetwa Butembo ndani ya gunia la kakao. Ya Emérence ilikuwa imekufa. Akaanza kuitumia ile.

Sasa alianza kuitafutia dawa. Alijua mashine ya namna hii hukumbuka wifi ilikuwaje ilipozimwa, hivyo jioni aliizima huku taa inawaka. Asubuhi, giza. Alikagua kitufe cha pembeni, akabadilisha programu inayoendesha wifi, akafungua mgongo wa mashine na kuingiza kadi nyingine. Giza. Tena kila alipoiwasha, chumba kilijaa harufu ya kakao inayochacha, nzito, tamu, ya kuziba pua. Butembo ni baridi, ni nchi ya viazi na vitunguu. Kakao haioti huko.

"Unasikia harufu?" alimuuliza Abdias, mzee aliyelinda uwanja wa kanisa.

Abdias alisimama mlangoni, hakuingia. "Mama Emérence, ile mashine iko na jini. Uiondoshe."

"Ni wifi tu, papa. Iko na panne, imeharibika kidogo."

"Panne haina harufu," alisema Abdias kwa sauti ya chini, akaenda zake.

Siku hiyo Emérence alifungua kumbukumbu za mashine, mahali ambapo mfumo huandika kila jambo unalotendewa. Akaona kwamba kila asubuhi, mara tu baada ya mashine kuamka, mtu alikuwa ametoa amri ya kufunga wifi. Nywila ilikosewa mara ya kwanza, ikakosewa mara ya pili, ya tatu ikakubaliwa, kama mtu ambaye vidole vinamtetemeka. Na jina la aliyetoa amri lilikuwa *ananie*. Jina hilo Emérence alikuwa amelifuta ndani ya mashine siku ya kwanza, kwa mkono wake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Ukweli ni kwamba, pamoja na hofu, kulikuwa na jambo jingine aliloona haya kulisema. Asubuhi iliyofuata, harufu ilipokuja, alijikuta akisema, "Habari ya asubuhi, Ananie." Na alikuwa hajamsalimu mtu kwa furaha hivyo tangu msiba.

Lakini kazi ilikuwa imesimama, na familia zilingoja majina. Siku ya kumi na mbili akaandika agizo ndani ya mfumo: mashine ikiamka, iwashe wifi, na wifi ikizimwa, iwashwe tena baada ya sekunde moja, hata mara mia.

Kesho yake ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Abdias alikuwa amekwenda kununua mkaa. Emérence akaiwasha mashine. Taa ikawaka. Ikazimika. Ikawaka, ikazimika, ikawaka, haraka haraka, na chini ya meza, karibu kabisa na magoti yake, akasikia mtu akipumua, pumzi fupi za mtu anayejaribu kutosikika.

"Zima," ile sauti ikasema. "Ninakuomba, zima."

Hakuwahi kuisikia sauti yake, lakini aliijua. Kabla hajajibu, taa ikatulia, ikawaka moja kwa moja, na pumzi chini ya meza ikakatika ghafla, na hapo ndipo aliposikia viatu vya mpira kule nje, vingi, vinakuja katika tope ingawa mvua haikuwa imenyesha siku nne, vinakuja bila haraka kama watu wanaofuata kitu wanachokiona waziwazi, vikapita penye ukuta wa kanisa, vikapanda barazani, na ncha ya chuma ikaanza kuvutwa juu ya matofali, kutoka pembe ya mbali, taratibu, ikija kuelekea mlangoni, huku yeye akibonyeza na kubonyeza kitufe cha kuzima wifi, na taa, kwa agizo aliloliandika mwenyewe, ikirudi kila mara, buluu, tulivu, hadi chuma kilipogusa mbao za mlango naye akaipindua mashine na kung'oa betri.

Kimya.

Chini ya meza mtu akashusha pumzi.

Abdias aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, amekumbatia betri. Kwenye mlango palikuwa na mchubuko mrefu, mbao mbichi zikionekana ndani yake. Mzee aliugusa kwa kidole. "Hawa si wa hapa," akanong'ona.

Adhuhuri, Abdias akiwa amesimama kando yake na Biblia, Emérence aliirudisha betri, akafuta agizo lake, akatafuta ndani ya barua za Ananie, ambazo hakuwa amezifuta. Kulikuwa na moja iliyoandikwa asubuhi ya kifo chake, ikashindwa kwenda. Ilikuwa jibu kwa barua yake yeye Emérence, aliyoituma usiku wa mashambulizi aliposikia habari redioni: *Kama uko muzima, jibu. Hata neno moja.*

Ananie aliandika: *Niko muzima. Bame*

Ikaishia hapo, katikati ya neno, "wame" isiyomalizwa.

Jioni hiyo akampigia simu Kanyere, mama yake Ananie. Siku ya tatu yule mama alifika kutoka Beni, mwembamba, amefunga kitenge cha msiba, akakaa bila kuvua viatu.

"Maliro, rafiki yake, alikuwa naye," alisema Kanyere. "Balijificha babili ndani ya depot, ghala ya kakao. Ile taa ya mashine ilikuwa inawaka, mwanangu akaizima. Banaume ba mapanga bakapita. Asubuhi, kungali giza, batu bote bakanyamaza, akasema balisha kwenda. Akaiwasha tena, aandike. Njo ile taa bale banaume baliona kwa mupasuko wa mulango. Maliro alitoka nyuma, akakimbia. Mwanangu hapana."

Emérence alishika ukingo wa meza. "Mama, ni mimi. Mimi njo nilimuandikia. Nilimuambia ajibu."

Kanyere alimtazama. Nje wanakwaya walikuwa wanafanya mazoezi, wakarudia ubeti mmoja mara tatu.

"Ulimuandikia ju ya nini?"

"Ju nilikuwa naogopa kubaki peke yangu."

Yule mama alinyanyuka, akaivuta meza kidogo kutoka ukutani, kisha akasema, "Basi washa."

Mashine ikaamka. Taa haikuwaka. Harufu ya kakao ikajaa, na chini ya meza ile pumzi fupi ikaanza. Kanyere hakushtuka. Alipiga magoti juu ya saruji, akasema "Wavukire" kama anavyosalimiwa mtoto aliyechelewa kuamka, kisha akaendelea polepole kwa Kinande. Alimwambia kwamba ni yeye, mama yake. Kwamba wale watu wamekwenda, wote, barabara ni nyeupe, wazi, hadi nyumbani, na atoke sasa.

Pumzi haikusogea.

"Haamini," alisema Kanyere. "Angali anakungojea wewe. Wewe njo ulimuita. Mufungue."

Emérence alipiga magoti kando yake. Akifungua kinywa, kesho asubuhi hakutakuwa na mtu wa kumsalimu, wala kesho kutwa, wala siku nyingine.

"Ananie," akasema. "Usijibu tena. Nilisha kusoma. Siulizi tena."

Kitu kikapita katikati yao, baridi, kikakwaruza miguu ya meza. Mlango ukafunguka wenyewe, si kwa nguvu. Ubavuni mwa mashine taa ya buluu ikawaka bila amri ya mtu, na harufu ya kakao ikaenda nje kama moshi unaovutwa na upepo.

Emérence alimsindikiza Kanyere hadi penye pikipiki za kukodi. Karibu na barabara akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, balienda kweli, bale batu?"

"Hapana. Juzi tu balipita ndani ya shamba ya jirani yangu."

"Donc basi ulimudanganya?"

"Kama ni kujificha," alisema Kanyere, "ajifiche na mama yake."

Akapanda pikipiki. Akamwambia dereva asogee mbele, naye mwenyewe akasogea hadi akamgusa mgongo, akiacha nafasi nyuma yake. Emérence akaona springi za nyuma zikishuka. Dereva, kijana mwenye koti la mvua, aligeuka kuangalia amebeba watu wangapi. Akaona mama mmoja, mwembamba. Akatazama tena ile nafasi tupu, akageuka mbele haraka, akaweka gia ya kwanza, na pikipiki ikapanda mlima kwa shida, ikilia, kama inavyolia ikiwa imebeba watatu.