Mbao Zilizopikia Maharage

Rafiki yetu Mukendi, fundi Mkongomani wa kambi ya Kakuma, mpaka leo husimulia mkasa huu wa mwaka 2013. Injini ya gari moja la mbio, aliloletewa kutoka Lodwar alitengeneze, hutolewa kwa chini, kwa hiyo ilibidi aliinue uani kwake juu ya stendi nne za chuma. Mbao za kukalishia stendi zisizame mchangani hakuzikuta, kwani kuni za mgao zilipokwisha mkewe alikuwa amezichanja akapikia maharage. Lakini hakuwa amepata kazi tangu Krismasi, na hii hakutaka impite. Akasimika stendi mchangani hivyo hivyo, akaingia chini.

Adhuhuri dhoruba ya vumbi ikalifunika jua. Gizani akasikia stendi zikizama, chuma kikilia polepole, hadi gari likamkandamiza kifua.

"Mama Shalom! Niko nakufa!" akamwita mkewe.

Pumzi ikamwishia. Ndipo gari likainuka kidogo. Akajiburuta nje huku akilia, akimshukuru mkewe kwa kuliinua.

"Baba Shalom, uko wapi?" mkewe akaita, kwa mbali, nje ya uzio.

Vumbi likatulia. Stendi zote zilikuwa zimelala chini. Gari lilikuwa bado juu, na chini yake, mchangani, nyayo mbili za miguu mitupu zilikuwa zikizidi kuzama.